Fensi Iliyofuata Maji

Mjukuu wangu Njeri,

Hujambo huko Njoro? Sisi hapa Ndabibi tuko, na ng'ombe wetu mwekundu amezaa. Ya uchaguzi umeyasikia redioni, sitayarudia. Mradi barabara zimefunguka na barua inafika.

Umeniuliza, kwa ajili ya hiyo filamu fupi yenu, ziwa lilifika wapi nikiwa msichana. Swali lako limeninyima raha. Tangu jana nakaa, nasimama, nashuka tena kuangalia maji.

Ziwa halikuwa na mahali pamoja pa kukaa. Lilipopungua, baba yangu aling'oa fensi akayafuata maji, akapanda kabichi kwenye tope jeusi. Likipungua tena, anasogeza tena. Majirani wote walifanya hivyo. Mama yangu tu ndiye aliyekataa kushusha jiko lake kutoka kule juu kwenye ardhi kavu.

Kisha mvua ikaja, na asubuhi moja tukaona vichwa vya posti za fensi tu juu ya maji. Baba alisimama humo, maji yakimfika magotini, akilitukana ziwa kama ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani. Mama akamwita kutoka jikoni: "Wewe, toka huko! Unamfukuza mwenye shamba?"

Sasa mjomba wako naye amesogeza fensi, na maharagwe yake yamechanua vizuri sana. Nikimwambia maji yatarudi, anacheka.

Njoo upesi na kamera yako. Lakini usiisimamishe kwenye maharagwe. Isimamishe palipokuwa jiko la mama.

Nyanya yako