Kiwanja Kilichokuwa Kimya Saa Saba

Jumanne jioni, Kasulu

...na bado namwaza Mama Nyamwiza. Mkutanoni leo niliwatambua kwa utaratibu mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa kijiji, wazee na akina mama, kisha nikakisifu kiwanja kilichopendekezwa kujengwa wodi ya wazazi. Kamati ya ujenzi ninayoiongoza ilikikagua mchana, ikakikuta kimya ingawa barabara kuu i karibu.

Mama huyo, mkulima wa maharage jirani na kiwanja, akasimama.

“Mwalimu, mlikuja saa saba! Jua likiwaka, kelele za malori hupaa zikapotea. Alfajiri, baridi ikilala bondeni, kelele hizo hutambaa chini mpaka kitandani kwangu. Au siku hizi watu hujifungua mchana tu?”

Watu walicheka, na diwani naye. Mimi nilistaajabu. Somo hilo, la sauti kupindishwa na joto na baridi ya hewa, nimelifundisha miaka mingi ubaoni. Yeye amelisoma kwa masikio yake, akiwa kitandani na shambani.

Nakiri niliogopa. Tulibakiza kura tu, tuwalaze wazazi na vichanga ndani ya kelele zile.

Basi nilitangaza: kura imeahirishwa. Kesho saa kumi na moja alfajiri kamati nzima itasimama kiwanjani isikilize, na Mama Nyamwiza ndiye atakayetuongoza.