Profesa wa vichwa vya ngombe na vidonge vya dada yake

Mama Mushauri,

Katika Bunia yote hakuna mutu anajua ndani ya kichwa kunipita miye, hata wale madokta wenye miwani, maana wao walisoma kwa picha na miye napasua vichwa vya ngombe kila asubuhi kwa meza yetu ya nyama kule Shari. Masomo niliachia sekondari ya pili, walimu walikuwa wananichelewesha. Kisha nikaona video kwa simu: wasiwasi ya mutu kurudia kitu kimoja bila kuacha inatoka chini kabisa ya ubongo, kwa vitu vidogo vya majina makubwa, talamusi, kodeti, amigdala ile iko sawa punje ya karanga, na kule Ulaya madokta wanatoboa mufupa, wanaingiza waya mwembamba mupaka pale, mutu anatulia.

Basi nikafikiri yaya Musoki, dada yangu mukubwa, yule ananawa mikono mupaka ngozi inapasuka. Nikaleta ubongo wa ngombe nyumbani, nikaukata katikati kwa sahani ya mama, nikamuonyesha kitu kinamusumbua. Mama yetu alililia sahani yake. Yaya yeye akasogeza kiti, akaniuliza polepole:

"Josaphat, na vidonge vya hospitali vinafika pale chini?"

Mwanafunzi mwenye akili, nilifurahi. Nikamwaga chumvi juu ya ule ubongo, nikakata tena: unaona, dawa yako imebaki juu. Nikamuahidi nitamutafutia dokta wa waya, niko na watu.

Sina watu, Mama. Vile vidonge vilikuwa vimeanza kumusaidia, alikuwa amerudia kuuza mikate. Siku ile ile akavitupa kwa choo. Sasa hatoki, ananawa mupaka damu, anangojea dokta wangu. Aliniuliza kitu sijui, na nikajibu.

Josaphat, Ngezi

Profesa Josaphat,

Asante kwa somo. Ngombe yako ilikuwa imekufa. Dada yako iko muzima, damu yake inatembea mupaka kwa ile karanga yako, na dawa inapita kwa damu. Maiti ndiyo inabakisha chumvi juu.

Ule waya ni wa kweli, sikatai. Lakini wanauweka kwa mugonjwa ambaye dawa na mazungumuzo vimeshindwa miaka mingi, madokta wengi wakikaa pamoja kuamua, na hata hivyo wengine hawaponi. Kwa Musoki dawa haikushindwa. Ni weye uliishinda.

Unaona haya, ni vizuri, nilifikiri uliiacha kwa sekondari. Leo ufunge meza ya nyama. Umukalishe Musoki, umuambie hakuna dokta, hakuna waya, ulisema kitu haujui. Atalia, pengine atakufukuza, baki pale. Usimununulie vidonge kwa soko: namna ya kuanza tena ni dokta wake wa hospitali atasema. Umupeleke weye mwenyewe. Na njiani akikuuliza neno lolote juu ya kichwa chake, uko na jibu moja tu: "Sijui, yaya, twende tuulize."

Mama Scholastique