Malori Yamefika, Idrisa

Idrisa ndugu yangu,

Malori yamefika. Sehemu ya pili ya gemu yetu, ile tuliyoingojea mpaka ukafa ukiwa bado unaniambia nitulie, imetoka. Nimeicheza. Nimeona wewe uwe wa kwanza kuambiwa kwamba ni takataka.

Unakumbuka kila watengenezaji walipoahirisha? Mimi natukana, wewe umeinamia cherehani pale mtaani Biryogo, pini mdomoni, unanijibu bila kuinua kichwa: "Buretse, subiri kidogo. Kitu nzuri iko inachelewa." Ulikuwa unajitetea tu! Fundi gani mwingine alimkabidhi mteja kanzu ya Idi wakati Idi imeshapita, na mteja akashukuru? Walishukuru kwa sababu kola yako ilitulia shingoni. Basi na mimi nikakuamini.

Sasa sikia walichofanya na miaka yote hiyo. Mawingu ni mazuri, siwanyimi haki yao. Lakini lori likipanda kilima kidogo tu, kama kile cha Gatsata, linazama ndani ya lami mpaka kwenye vioo, na dereva anabaki amekaa hewani, kashika usukani ambao haupo. Wakaomba radhi, eti wanarekebisha. Miaka yote hiyo walikuwa wanafanya nini? Ila duka lao humo ndani ya gemu, la kuuzia kofia za dereva, halina kasoro hata moja. Kofia, Idrisa! Hizo walizimaliza mapema, watu wasio na haya.

Hayo ningewasamehe, maana hata ile ya kwanza ilikuwa na vituko vyake. Lakini unajua ilivyochezwa: mmoja anaendesha, mwenzake yuko nyuma juu ya mzigo, anafunga kamba. Hiyo ndiyo ilikuwa gemu yenyewe. Nikachomeka padi mbili za kuchezea, yangu na yako, ile uliyoizungushia kitambaa cha kijani. Nikatafuta kila mahali. Mtu wa nyuma wamemtoa. Sasa kila mtu na mashine yake, kwake, na intaneti yake. Sisi tulisubiri ili tukae pamoja, na wao muda wote huo walikuwa wanang'oa kiti chako. Hata ungekuwa hai ungekaa kunitazama tu. Nilizima, nikalia, kisha nikawatukana upya.

Kwa hiyo nakupinga, na huwezi kunijibu, na hilo linaniuma kuliko gemu. Muda haushoni nguo, ndugu yangu. Wewe ulichelewa mkono ukiwa kwenye kitambaa. Wale wamechelewa mikono ikiwa mifukoni mwetu.

Kanzu yangu uliyoiacha na mkono mmoja, dada yako Zaituni ameimaliza. Amekalia cherehani yako, na kwa kuchelewa amekushinda hata wewe. Imenikaa vizuri mno. Siku ya kuichukua nilibeba ile mashine ya zamani yenye gemu ya kwanza, nikampa padi yako. Alifunga kamba hovyo, magunia yakamwagika mtoni, kisha akanigeukia kwa hasira: "Weye dereva gani? Mzigo iko inaanguka, weye uko unaangalia barabara!"

Ulikuwa wewe kabisa, hata ule ubishi usio na kichwa wala miguu. Nilicheka mpaka nikashindwa kushika usukani, na lori nalo likafuata magunia.

Lala salama, Idrisa. Mwenyezi Mungu akurehemu. Wakitangaza sehemu ya tatu, hawaoni hata senti yangu, waipike mpaka nizeeke. Ule mlima wa chumvi wa gemu ya kwanza, uliotushinda mimi na wewe, nakuahidi nitaupanda na Zaituni, kwa lori letu lile lile bovu, hata kama itachukua miaka. Kitambaa cha kijani sijakitoa. Kiti cha nyuma kina mtu.

Dereva wako,
Saidi