Mfalme wa Mwaka Mmoja na Kaka Yangu Bahati

Jumatano. Upepo tangu asubuhi, madirisha ya flati yetu hapa South Beach, Durban, yanagongagonga, na mimi nina woga.

Niseme ukweli, maana humu mtandaoni hakuna anayenijua jina.

Jumatano huwa naenda Chatsworth, mtaa wa Wahindi, kwa Uncle, mwalimu mstaafu wa historia ambaye macho yamemwishia. Yeye anasema, mimi nachapa. Anaandika kitabu kidogo juu ya Amoghavarsha wa Pili, mfalme wa ukoo wa Rashtrakuta huko India ya zamani sana. Hata majirani zake Uncle, Wahindi wenzake, hawajawahi kumsikia. Alitawala kama mwaka mmoja tu, kisha mdogo wake Govinda akakalia kiti. Wapo wanaodhani mdogo ndiye aliyemuua.

Leo tumefika kwenye mabamba ya shaba. Wafalme wale wakimpa mtu ardhi, hati yake ilichongwa kwenye shaba, pamoja na sifa za mfalme mwenyewe. Basi Govinda, katikati ya sifa zake, akachongesha kwamba hakumtendea kaka yake ukatili, ingawa uwezo alikuwa nao.

Nikaacha kuchapa. Nikamwuliza Uncle, kwani nani alimwuliza?

Akacheka. "Hatujui kama kuna aliyemwuliza, binti. Ndiyo maana namshuku."

Nikaomba ruhusa, nikajifungia chooni. Nimelia humo huku bomba nimelifungulia, asinisikie.

Maana na mimi nina maneno yangu, yako kwenye faili la ofisi ya wakimbizi. Nilipofika Durban miaka kumi na moja iliyopita, mtu wa kwetu aliyekuwa anatujazia fomu alinishauri niseme nimebaki peke yangu duniani, eti mwenye ndugu hai anaambiwa arudi kwao. Nikasema kaka yangu Bahati ameuawa. Ingeishia hapo, afadhali. Mimi nikaongeza, bila kuulizwa na mtu, kwamba sikumkimbia, nilimshika mkono mpaka akakata roho.

Uongo mtupu. Bahati alibaki Uvira, Congo, na mama, ambaye hakuweza tena kutembea. Mimi ndiye niliyekimbia, na sikuwaaga.

Mama alifariki mwaka jana. Bahati sasa yuko Lusaka, Ijumaa anapanda basi kuja huku. Jana aliniandikia kwa furaha kwamba akifika mpakani ataomba hifadhi na atanitaja mimi, dada yake wa tumbo moja. Maskini, anadhani ananipa heshima. Wakifungua faili langu watamkuta ni marehemu. Karatasi yangu ya ukimbizi wanaweza kuichukua, na ya binti yangu Neema imefungamana na yangu. Neema ana miaka tisa, Kizulu chake kinapita Kiswahili chake. Huko Uvira atamjua nani?

Nilipotoka kwa Uncle nikasimama kwenye kituo cha taxi, nikamwandikia Bahati. Kaka, nakuomba, usinitaje, tumia jina lingine. Nikamweleza sababu yote, hata ule uongo wa kumshika mkono. Nilitegemea matusi. Kweli angenitukana, ningepata nafuu.

Akajibu upesi: "Sawa, mdogo wangu, nimeelewa. Nichagulie wewe jina."

Eish.

Saa nzima nimekaa jikoni na simu, Neema ananiuliza mbona sipiki. Nimeandika Pascal, nikafuta. Nimeandika Dieudonné, nikafuta. Kila jina nililoandika niliona namzika mara ya pili, na safari hii mwenyewe ananishikia jembe.

Mwishowe nimemjibu aje na jina alilopewa na baba.

Kesho asubuhi, kabla ya kufungua saluni ninakofanya kazi, naenda kwa wakili anayesaidia wakimbizi. Nitamwambia mimi mwenyewe kwamba nilidanganya. Sijui atasema nini. Labda nitafukuzwa nchi hii na mtoto wangu. Naogopa, hata wali wa Neema nimeuunguza.

Kaka yangu yuko hai. Neno hili naliandika hapa kwanza, nizoee kulisema.