Kifupa Chini ya Kidole Gumba

Shoga, mkono umevunjika kweli. Ndiyo natoka hospitali. Naandika kwa kushoto, usicheke.

Si unakumbuka nilivyoteleza saluni, kwenye maji ya kuoshea nywele? Basi ndiyo hapo hapo. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu, wakasema nimeteguka tu, nikaendelea kusuka.

Leo daktari kabonyeza kale kashimo chini ya kidole gumba. Niliruka!

Ananiambia, "Mfupa mkubwa wa mkono ukivunjika, tunaurudisha mahali pake, tunafunga plasta, unaunga. Wako ni kifupa kidogo kama korosho. Damu inakifikia kwa shida. Na wewe muda wote huu umekuwa ukikitingisha."

Ukikitingisha. Kasema taratibu, kama ananitajia saa.

Plasta imemeza kidole gumba chote. Kifupa kisipounga, napasuliwa, natiwa skrubu. Nikamuuliza, nitasuka tena? Akasema, "Tuone kwanza picha ijayo."

Tuone kwanza. Wala sikulia, shoga.

Sasa sikia. Nesi aliyenifunga plasta ni yule mteja wangu wa juzi, yule wa misuko midogomidogo. Kainama, kichwa chake kiko hapa puani kwangu. Hajui naangalia nini. Nilimsuka kwa mkono huu huu, ukiwa umeshavunjika.

Mistari yote imenyooka, shoga. Hata mmoja haukupinda.