Sanduku la Maganga Halikuwa Jepesi

Katoro, Jumapili

Kaka Salimu,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na miguu ya mama iwe imepata nafuu sasa mvua zimekatika. Mimi mwili hauna neno. Najua utashangaa mtu mwenye simu kuandika barua. Wiki hii nimekupigia mara tatu na kila mara nimekata kabla hujapokea, maana ningesikia sauti yako ningeanza kujitetea.

Maganga amekufa. Yule fundi wa kusuka mota niliyekuwa nachangia naye karakana, Msukuma wa Kahama, uliyebishana naye kwenye simu yangu mwezi wa Ramadhani mpaka futari yako ikapoa. Tulimzika kwao Nyasubi wiki tatu zilizopita. Sikukuambia.

Ubishi wenyewe unaukumbuka. Alikuwa ameona kwenye simu wataalamu wa Ulaya wakigombana juu ya injini ya kwenda angani isiyotupa kitu chochote nyuma. Roketi, alikuwa akituambia pale kwa mama ntilie, inabeba mafuta ya kutema, na yakiisha imekwama huko huko. Lakini ukipata injini inayojisukuma yenyewe, unakwenda mpaka uchoke. Wataalamu wengine wanasema wameipima na inasukuma, wengine wanasema vipimo viliwadanganya. Kijiwe chetu kiligawanyika pande mbili. Wachimbaji ambao hawajawahi hata kupanda ndege walikuwa wanatukanana kwa ajili ya anga, na Maganga akapewa jina la Mwezini.

Tukaunda ya kwetu. Mimi nilichomelea sanduku la chuma, yeye akafunga ndani vyuma viwili vilivyoelemea upande mmoja, vinavyozungushwa na mota na betri ya pikipiki. Ukiliwasha sakafuni lilikuwa linatembea, kaka. Liliruka-ruka kama chura kuelekea mlangoni. Nilitokwa na machozi siku ile, sikufichi. Ndipo nilipokupigia, ukasema linatembea kwa kuwa linakanyaga sakafu, na angani hakuna sakafu. "Ingia kwenye ndoo ujinyanyue kwa mpini wake," ulisema. "Hebu litundikeni kwa kamba muone kama litakwenda popote." Maganga akaninyang'anya simu, akakushukuru kwa Kisukuma: "Mwalimu, wabeja sana! Wewe fundisha, sisi tunaunda."

Hatukulitundika. Tulilipeleka kwa mfanyabiashara wa mpunga, tukaliweka kwenye mizani yake ya mshale. Likiwa limezimwa, mshale ulitulia. Tulipoliwasha, mshale ulicheza, mara unapanda, mara unashuka, na mimi ndiye niliyesoma. Nilisoma pale uliposhuka. Sikufanya hila, kaka. Nilitaka tu sana ushuke.

Tangu hapo Maganga hakusikia la mtu. Alisema kama limepungua uzito mizanini, litapungua na shimoni, na watu waone kwa macho yao. Akaenda kwenye duara la jamaa yetu mmoja, ndivyo hapa wanavyoliita shimo la kushukia kwenye mawe ya dhahabu. Akalifunga sanduku chini ya kigoda cha kushukia, kile kinachoning'inia kwenye kamba. Mwenye duara akamwambia, "Baba Pendo, kamba hii ni ya ndoo za mawe, si ya mtu na chuma. Subiri waje na ile nene."

"Likiwaka uzito unapungua," Maganga akajibu. "Muulize Idrisa, ndiye aliyesoma mizani."

Wote wakanigeukia. Nikasema ndiyo, unapungua.

Alikaa, akawasha, akanipungia mkono. Sanduku likatetemeka na kamba ikatetemeka nalo, ikakatika kabla hajafika hata nusu ya njia. Tulichokisikia sitakiandika.

Sasa ngoja nikuambie kinachonifanya niandike leo. Wachimbaji wa duara jingine walikuja kuniomba sanduku la pili, la kuwapunguzia uzito wakishuka. Wanasema kosa lilikuwa la kamba, sanduku lilikuwa zima, na mimi mwenyewe nilishuhudia. Nikakubali, kaka. Nilikubali kwa sababu sanduku likiwa zima, basi si mimi niliyemuua rafiki yangu. Nilishakata chuma cha pande nne.

Jana mjane wake, Mama Pendo, alipita karakana kuchukua vifaa vya mumewe. Anafanya kazi kwenye duka la kununua dhahabu hapa sokoni. Akaviona vile vyuma nilivyokata, akajua ni vya nini.

"Shemeji, lile la kwanza mlilipimaje?"

Nikamweleza yote, mpunga, mizani, mshale.

"Sisi dukani kabla ya kupima tunazima feni, na mteja tunamwambia asiegemee meza. Mshale ukicheza hatusomi. Nyie mliposoma, mashine mlikuwa mmeizima?"

"Tungeizimaje? Ndiyo tuliyokuwa tunaipima."

Akaanza kukusanya vifaa vya mumewe. "Basi hamkupima kitu."

Hakulia wala hakunifokea, na ingekuwa nafuu kama angenifokea. Hilo la feni kila mtu Katoro analijua. Mimi mwenyewe nimewahi kugombana na mnunuzi aliyeacha feni ikizunguka juu ya dhahabu yangu. Kwa chembe ya dhahabu nilikuwa na akili, kwa mtu sikuwa nayo.

Kesho asubuhi wale wachimbaji wanakuja. Nitawaonyesha sanduku la kwanza, lile lililotolewa shimoni pamoja na Maganga, na nitawaambia nilisoma nini na kwa nini. Naogopa. Huenda wakanipiga, huenda serikali ya kijiji ikaniita, na sijui kama nitabaki hapa. Ukisikia sipokei simu, usimwambie mama chochote kwanza.

Nisalimie shemeji, mwalimu wa watoto wadogo, mwambie kanzu aliyoniletea bado ninayo na ndiyo niliyoivaa msibani. Nisalimie mjomba muadhini, aniombee, na aliombee jina la Maganga hata kama hakuwa wa dini yetu. Mama mpe mkono wangu tu, barua usimsomee.

Jana ile ile nilifunga kamba kwenye boriti ya karakana, nikalitundika lile sanduku kama ulivyosema. Limebonyea lakini mota aliyoisuka yeye bado inazunguka. Lilitetemeka mpaka betri ikaisha, na halikwenda popote. Mama Pendo ndiye aliyenishikia ngazi.

Mdogo wako,
Idrisa