Siku Mzee Laban Alipojiita Ndovu

Nyalenda, Kisumu
Tarehe 18 Septemba, 1997

Kwako Dada Dorca,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini hujambo, shemeji hajambo, na watoto wanakwenda shule bila kusukumwa. Natumaini pia kile kikohozi chako kimeisha, maana mara ya mwisho uliniandikia kwamba darasani unafundisha kwa ishara. Hapa kwetu mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na ukiona mwandiko umepinda usidhani nimeanza kunywa pombe. Sijalala vizuri tangu Jumamosi.

Nimeona nikuandikie upesi kabla hujapata habari hii sokoni Pap Onditi, kwa sababu jina lako lilitajwa kwenye kipaza sauti mbele ya watu wengi. Kazi yangu kwa Mzee Laban iko mashakani. Wewe ndiwe uliyeniombea kazi hiyo, na Mzee ni baba mkubwa wa shemeji, kwa hiyo nikianguka nitakuangukia wewe nyumbani kwa wakwe zako. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unajua ninavyopenda muziki. Ulinicheka nilipokuja likizo na kaseti za Wamarekani, ukasema hao hawaimbi, wanagombana na mtu aliyetoka nje. Lakini Dada, mambo yamebadilika sana. Zamani tulikuwa tukisikiliza rap kama mtu anayechungulia harusi ya jirani dirishani. Mwaka huu zimeanza kushuka kaseti za vijana wa Nairobi wanaofoka kwa Kiswahili na Sheng, wakitaja mitaa yao, askari wao, na mama zao wanaouza mboga. Nilipoisikia ya kwanza kwenye kibanda cha kaseti pale Kibuye nilisimama na mfuko wa nyanya mkononi mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama nimepigwa na jua. Si kwamba ngoma ilikuwa nzuri. Ngoma ilikuwa ya kinanda cha betri, inagonga kama mtu anayepiga mabati. Kilichonishika ni kwamba mtu alikuwa akisema jambo lililompata, kwa lugha aliyoamka nayo.

Hapa Kisumu anayeongoza ni kijana mmoja aitwaye Wakhisi, kwao ni Webuye, anaosha magari kule ufuoni. Ana sauti nzito na hapumui hovyo. Wengine wanaiga mpaka kuvaa makoti ya baridi kwa joto letu hili, halafu wanazirai kabla ya ubeti wa pili. Wakhisi hupanda jukwaani na kandambili zile zile za kazini. Mwezi Julai alitoa kaseti yake, na wimbo mmoja ukashika mtaa mzima. Unahusu bomba la maji. Nakuandikia sehemu yake, Sheng nikiigeuza Kiswahili cha kawaida, ili uelewe yanayofuata:

Bomba lilikuja mtaani likapita kwa Milka,
lilipofika kwa Ndovu likasahau njia.
Ndovu anakunywa, sisi twahesabu matone,
akicheua anatuuzia kwa mtungi.

Hapa Nyalenda hakuna asiyejua habari ya bomba hilo. Wafadhili walileta mabomba ili kila safu ya nyumba ipate mfereji wake. Mzee Laban alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Bomba likafika uani kwake, likaishia hapo, na wiki iliyofuata kukafunguliwa dirisha la kuuza maji. Akina mama sasa hupanga foleni ukutani kwake na mitungi. Wimbo haukumtaja Mzee kwa jina, na Sheng yake ilikuwa nzito, kwa hiyo wazee waliusikia kama kelele za watoto.

Sasa, Mzee anagombea udiwani katika uchaguzi wa Desemba, na mtu mmoja alimwambia kwamba kura za vijana ziko kwenye rap. Akadhamini tamasha. Alikodi ukumbi, akaazima spika kutoka kanisa moja la Nyamasaria, nao wakazitoa kwa sharti kwamba pasiwe na matusi. Akaagiza sisi wafanyakazi wa duka lake la saruji tuhudhurie wote, tuvae fulana zenye picha yake. Mimi nilikaa nyuma yake, nikiwa nimemvaa kifuani.

Tamasha lenyewe lilianza saa tisa mchana. Nitakuambia ukweli kama mtu anayependa jambo hili: kundi la kwanza lilikuwa bovu. Walifoka Kiingereza cha puani ambacho hata wao hawakukielewa. La pili lilikuwa na msichana mmoja, Nelima, mdogo kwa umbo, aliyewanyamazisha wavulana waliomzomea kwa kuwaambia kwamba mama zao walimtuma awaite, chakula kimepoa. Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Kisha akapanda Wakhisi, na vijana wakaanza kuuita ule wimbo wa bomba kabla hajafungua mdomo.

Mzee Laban aliupenda, Dada! Alitikisa kichwa, akapiga kiti kwa kiganja, akaniinamia kuniuliza huyo Ndovu ni nani anayeshangiliwa hivyo. Nilimjibu kwamba sina hakika. Jasho lilikuwa limenilowesha mpaka picha yake ikanikunjamana tumboni.

Hapo ndipo alipoinuka Oketch, binamu yetu, mwana wa shangazi Lornah, ninayekaa naye chumba kimoja. Unamjua Oketch. Yeye ni mtu wa benga na ohangla, na kwake muziki usiosimamishwa kwa pakruok haujakamilika. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye rap mtu hatoi pesa, akasimamisha wimbo, akajisifu au kumsifu nduguye. Alikwenda moja kwa moja mpaka jukwaani, akamtumbukizia Wakhisi noti mfukoni, akanyakua kipaza sauti. Wakhisi alishangaa, kwa kuwa kwao hawana desturi hiyo, akadhani anaibiwa. Yule kijana wa kinanda ni Mjaluo, yeye alielewa, akazima ngoma.

Oketch akasema, na maneno haya sitayasahau: “Simamisha hapo, omera! Mimi Oketch, fundi wa baiskeli, nisiyeogopa msumari! Mnaruka tu, mnajua mnaruka maneno ya nani? Ya ndugu yangu Simeon Amolo, karani wa saruji, mwana wa Nyakach, shemeji ya watu wa Pap Onditi! Dada yake ni mwalimu Dorca, ndiye aliyemnolea kalamu! Yule pale, anajificha nyuma ya tajiri!”

Dada, ni kweli. Niliuandika mimi. Wakhisi ana sauti, lakini alinijia na mistari miwili tu, nami nikaandika iliyobaki yote kwa jioni kadhaa, nikiwa nimeketi juu ya mtungi usio na maji. Sikukuambia. Sikumwambia mtu, ila Oketch aliniona nikiandika pale chumbani. Mimi ndiye niliyetumwa na Mzee niwaonyeshe mafundi mahali pa kukata lile bomba na kuligeuzia kwake. Nilisimama pale nikiwashikia kamba ya kupimia. Baada ya hapo kila nilipomwona Mama Milka, jirani yetu, akipita na mtungi kichwani, nilikuwa naingia ndani. Kuandika kulikuwa njia yangu ya kupumua, na nilifikiri nimejificha vizuri.

Oketch hakufanya kwa ubaya. Alinipungia mkono huku amejaa furaha kama mtu aliyemlipia nduguye mahari. Ukumbi mzima uligeuka kuniangalia. Mzee naye aligeuka, polepole, pamoja na kiti. Nikangoja anifukuze palepale, au anipige. Kumbe sikuwa nimejua bado mshtuko ni kitu gani.

Mzee aliinuka akaanza kutembea kuelekea jukwaani, akitoa pochi. Kwa desturi yetu, mtu akichokozwa kwa pakruok hujibu kwa pakruok, na damu ya Mzee ilikuwa imeshapanda. Alitoa noti kubwa kuliko ya Oketch, akaiinua juu ionekane. Akashika kipaza sauti, akanguruma: “Kumbe karani wangu ndiye ananisifu, na mimi sijui! Basi sikieni wenyewe! Mnamtafuta Ndovu? Ndovu ni mimi, Laban! Ndovu haulizi njia ya bomba, bomba ndilo humfuata Ndovu! Nani hapa hajanywa kwangu? Nani atanishika mkonga?”

Vijana walipiga kelele mpaka spika za kanisa zikalia. Lakini nyuma, karibu na mlango, walikuwepo akina mama waliokuja kuwatazama watoto wao. Nilimwona Mama Milka akishusha mikono aliyokuwa akipigia makofi. Walikuwa wakiujua ukweli siku zote, lakini kila walipouliza waliambiwa kwamba bomba liliishiwa na presha. Sasa mwenye bomba alikuwa amesema kwa kinywa chake, tena amelipia ili aseme.

Jumapili sikutoka nje. Jumatatu Mzee aliniita ofisini kwake. Niliingia nikiwa na funguo za stoo mkononi, tayari kuzikabidhi. Akaniambia niketi, akaagiza niletewe chai. Alisema hakujua kwamba amelea msanii. Alisema tangu Jumamosi watoto barabarani wanamwita Ndovu na kumkimbilia, na hakuna mgombea mwingine mwenye wimbo. Akataka niandike ubeti mpya wenye jina lake kamili, la mama yake, na la kijiji chao, nimpelekee Ijumaa asubuhi, urekodiwe kwa ajili ya kampeni. Akaahidi kunifanya karani mkuu. Kisha, akiwa bado anatabasamu, akaniambia nimsalimie Dorca, na kwamba ni vizuri ndoa ikiwa na amani. Sikunywa ile chai. Nilisema ndiyo, Mzee.

Jumanne jioni Mama Milka alinikuta mlangoni. Hakunigombeza. Aliniambia hivi, kwa upole ulioniumiza zaidi: “Mwanangu, tulidhani umetusemea. Kumbe ulikuwa unamtungia sifa?” Nikaapa kwamba sivyo. Akasema kama sivyo, basi Ijumaa wanakwenda kwa D.O., yule afisa wa tarafa, wakiwa na mitungi yao, kueleza kwamba mwenyekiti amejitangaza mwenyewe. Lakini wanajua watajibiwa kwamba yale yalikuwa ya muziki tu. Wanahitaji mtu aliyeliona bomba likigeuzwa. Akaniuliza kama namjua mtu kama huyo. Alikuwa akinitazama machoni. Nikasema ndiyo, Mama, nitakuja.

Umeona nilivyo, Dada. Nimewaitikia wote wawili, na siku ni moja. Ijumaa asubuhi Mzee ananingoja na ule ubeti, na Ijumaa asubuhi akina mama wananingoja kwenye foleni ya kwenda kwa D.O.

Lakini bado sijakuambia jambo baya zaidi, na hili halijui hata Oketch. Ule ubeti wa Mzee niliuandika. Niliuandika Jumatatu usiku bila kushikwa shati na mtu. Nilimwita Ndovu wa maji matamu, baba wa wenye kiu. Nao ni mzuri, Dada. Unakwenda na ngoma kuliko wa kwanza, na nilipoumaliza nilitabasamu peke yangu kama mjinga. Nilijua ungeimbwa. Nilijua watoto wa Mama Milka wangeuimba wakiwa wamebeba mitungi. Hapo ndipo nilipoanza kujiogopa mimi mwenyewe kuliko ninavyomwogopa Mzee. Nilidhani wimbo ni kama kisu, una upande mmoja wa kukatia. Nimeona kwamba mwenye nguvu anaweza kuuvaa kama kofia, nami nikamshonea ya pili kwa vipimo vyake.

Basi, nimeamua. Leo mchana nimeuchana ule ubeti, ingawa nimeshaukariri na sijui kichwa kinachanwaje. Kesho nitakwenda na akina mama. Nitasema kwamba nilikuwepo, nikashika kamba, na nikaonyesha mahali pa kukata. Najua sitarudi dukani. Naogopa sana, na nimeshaogopa hivi zamani nikakwepa dakika ya mwisho. Ndiyo sababu nimekuandikia. Watu wengi nimewaambia ndiyo wiki hii, lakini wewe sijawahi kukuandikia neno halafu nisilitimize. Barua hii naiposti sasa hivi, kabla posta haijafungwa, nisipate nafasi ya kuirudisha.

Ninakuomba umwambie shemeji kabla baba yake mkubwa hajafika huko kulalamika. Mwambie sikufanya kwa kumdharau mtu wa kwao. Ukiona ni lazima unikane ili nyumba yako itulie, nikane, mimi nitaelewa. Ila usiseme kwamba sikuandika wimbo ule wa kwanza.

Wasalimie watoto, na mama mkwe, na walimu wenzako wanaonikumbuka. Oketch anakusalimu sana. Anadhani bado amenifanyia jambo kubwa, na sina moyo wa kumwambia vingine. Shemeji nisalimie ukishamweleza yote. Kama bado hujamweleza, salamu zangu baki nazo kwanza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Simeon Amolo